Alizikwa Bila Jiwe: Venye Mashabiki Husaka Wachezaji Waliosahaulika, na Kwa Nini Taita Taveta Inafaa Kuanza Sai

Kuna mchezaji wa besiboli wa Marekani anaitwa Lou Proctor. Kwa miaka mingi jina lake lilikaa kwenye vitabu vya rekodi: mechi moja, mwaka wa 1912, timu ya St. Louis Browns. Shida ni moja tu. Huyo msee hakuwahi kucheza. Inavyosimuliwa, mtu wa telegrafu aliyekuwa akitumia magazeti matokeo ya mechi alichomeka jina lake mwenyewe kwenye orodha. Stori ya jaba kabisa, lakini ikapita. Mashabiki walifukua makaratasi hadi miaka ya 1980 ndio ikabainika hiyo zamu ya kupiga mpira ilikuwa ya mchezaji mwingine, Pete Compton.

Sasa cheki Jimmie Crutchfield. Huyu alikuwa mtu wa ukweli. Miaka ya 1930 alichezea Pittsburgh Crawfords, timu moto iliyokuwa na Satchel Paige, Josh Gibson na Cool Papa Bell, majina ambayo Marekani yanatajwa kwa heshima hadi leo. Baada ya mpira alifanya kazi posta Chicago. Akafariki mwaka wa 1993. Akazikwa. Hakuna jiwe lililowekwa juu ya kaburi lake.

Mmoja hakuwepo, na akaandikwa. Mwingine alikuwepo, na kaburi lake likabaki nyasi tupu.

Hii ni stori ya mashabiki waliokataa hiyo hesabu. Na ukiisoma ukiwa Voi, Mwatate, Wundanyi ama Taveta, utaona inakuhusu, hata kama hujawahi kushika gongo la besiboli maishani mwako.

Kwanza, hawa wasee ni kina nani?

Besiboli ni mchezo wa namba. Kila anayepiga na kila anayekosa huandikwa, na imekuwa hivyo tangu karne ya 19. Ndio maana mashabiki wake wakaanza kuuliza swali ambalo sisi huku hatujazoea kuuliza: huyu mchezaji mwenye mechi mbili tu, wa 1884, alizaliwa wapi? Alifia wapi? Amelazwa wapi?

Mmoja wa waanzilishi wa hii kazi alikuwa Lee Allen, mwanahistoria wa maktaba ya Hall of Fame kule Cooperstown, jimbo la New York. Alikuwa akiandikia familia barua, akizunguka miji midogo na makaburini, akijaza mapengo jina moja baada ya lingine. Alifariki 1969, mwaka ule ule ensaiklopidia kubwa ya kwanza ya besiboli ilipochapishwa, nyingi ya habari zake za maisha ya wachezaji zikiwa zimetoka kwenye mafaili yake.

Miaka miwili baadaye, Agosti 10, 1971, wasee 16 walikutana Cooperstown, wakaitwa pamoja na Bob Davids, wakaunda chama kinachoitwa Society for American Baseball Research, kwa kifupi SABR. Mmoja wao, Bill Haber wa Brooklyn, alikuwa akiajiriwa na Topps, kampuni ya kadi za wachezaji. Kazi yake ya jioni, isiyolipwa hata senti, ilikuwa kusaka wachezaji waliopotea. SABR ikaunda kamati nzima ya hiyo kazi. Lengo lake ni rahisi kulisema na gumu kulitimiza: kila mchezaji aliyewahi kucheza ligi kuu, zaidi ya watu 20,000, apatiwe tarehe na mahali pa kuzaliwa, na tarehe na mahali pa kufa.

Hawa si maprofesa. Kuna karani, kuna daktari, kuna mwalimu mstaafu. Kinachowaunganisha ni ule ubishi wa shabiki. Hawataki mstari ubaki wazi.

Mtu anapoteaje jamani?

Utauliza, mtu aliyecheza mbele ya maelfu anawezaje kufa bila mtu kujua? Ni rahisi kuliko unavyodhani.

Kwanza ni jina. Magazeti ya zamani yaliandika jina la ukoo peke yake, kama "Smith" ama "Jones", basi. Mwingine alijulikana kwa jina la utani, mwingine alibadilisha jina ili mzazi asijue anacheza mpira.

Pili ni muda. Mtu anacheza akiwa na miaka 21, anaishi hadi 80. Katikati amekuwa fundi seremala ama mfanyakazi wa reli. Akifa, gazeti la mji wake linaandika "mfanyakazi wa reli aliyestaafu". Mpira hautajwi. Watoto wenyewe pengine hawajui, kwa sababu mzae hakuwahi kujigamba.

Tatu ni kuhama. Anazaliwa jimbo moja, anacheza la pili, anafia la tatu. Cheti cha kifo kiko kwenye ofisi ambayo hakuna shabiki angefikiria kuingia.

Kwa hivyo wasakaji hufanya kazi kama wapelelezi. Wanaanza na orodha ya sensa, kwa sababu Marekani huziachilia kwa umma baada ya miaka 72. Sensa ya 1950, kwa mfano, ilifunguliwa Aprili 2022. Wanapitia fomu za kujiandikisha jeshini za 1917 na 1918, ambazo zina tarehe ya kuzaliwa, mwajiri na jina la mtu wa karibu. Halafu magazeti ya mtaa, halafu cheti cha kifo, halafu daftari la makaburi lenye sehemu, safu na namba. Mwisho wanaandikia familia barua, wakiomba kwa adabu.

Sheria yao kubwa ni hii: jina kufanana halitoshi. Lazima kitu kingine kiwafunge hao watu wawili. Inaweza kuwa mji, jina la mke, kazi, hata kovu. Bila hiyo, mstari unabaki wazi. Wanaona bora pengo kuliko uongo, kwa sababu Lou Proctor mmoja anatosha.

Daktari, wazee wa Ardmore na nyasi tupu

Turudi kwa Crutchfield. Alizaliwa Ardmore, Missouri, kijiji cha machimbo ya makaa ya mawe. Daktari mmoja wa kuwapa wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, Jeremy Krock wa Peoria, Illinois, alikuwa na watu wake waliotoka hiyo Ardmore. Wazee wa familia walikuwa wakimtaja Crutchfield kama kijana wao aliyeenda kucheza na wakubwa. Krock akataka tu kujua alizikwa wapi.

Akapata: makaburi ya Burr Oak, Alsip, nje kidogo ya Chicago. Lakini juu ya kaburi hapakuwa na kitu. Akauliza zaidi, akaambiwa si Crutchfield peke yake. John Donaldson, mrushaji ambaye baadaye mashabiki walihesabu kwenye magazeti ya zamani kwamba alishinda mechi zaidi ya 400, naye alikuwa amelala hapo bila jiwe tangu 1970. Candy Jim Taylor, mchezaji na kocha wa miaka mingi aliyefariki 1948, vilevile.

Krock akashirikiana na wenzake wa SABR, wakachangisha doh, na mwaka wa 2004 wote watatu wakawekewa mawe. Hapo angesema kazi imeisha. Badala yake mradi ukaendelea mji hadi mji, na sasa makaburi kadhaa wa kadhaa yana majina.

Unauliza kama jiwe lina maana gani kwa mtu aliyekwisha kufa? Cheki kilichotokea. Mwaka wa 2009, wafanyakazi wa hayo hayo makaburi ya Burr Oak walikamatwa na kushtakiwa kwa kufukua makaburi na kuuza nafasi upya. Polisi walikadiria makaburi yaliyoguswa kuwa mamia. Sasa jiulize mwizi wa nafasi ataanzia wapi. Ataanzia pale hapana jina, pale hakuna mtu wa kuja kuuliza. Kaburi lisilo na jina ni kama shamba lisilo na hatimiliki, na sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa hiyo.

Hata jina la kwenye sanamu linaweza kuwa la uongo

Kwa nini hao wote walikuwa weusi? Kwa sababu hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani Aprili 15, 1947, ligi kuu ya karne ya 20 ilikuwa imewafungia weusi mlango. Walikuwa na ligi zao, Negro Leagues, na magazeti yao, kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Magazeti ya wazungu hayakuwajali sana, na vitabu vikubwa vya rekodi vikafuata hayo magazeti. Ilifika Desemba 2020 ndio ligi kuu ikakubali kwamba ligi saba za weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa za kiwango cha juu. Mei 2024 rekodi zao zikaunganishwa rasmi, na mara moja Josh Gibson, aliyefariki 1947, akawa juu ya wote kwa wastani wa kupiga mpira.

Hizo namba hazikutoka mbinguni. Zilikusanywa na mashabiki, gazeti kwa gazeti, miaka na miaka kabla ya ligi kuamka.

Na kosa linaweza kufika hata pale juu kabisa. Pete Hill aliingizwa Hall of Fame mwaka wa 2006. Bamba lake la shaba likaandikwa Joseph Preston Hill. Watafiti wakauliza: una hakika? Wakarudi kwenye sensa na rekodi za familia, wakaonyesha kwamba jina lake lilikuwa John Preston Hill, na kwao ni Culpeper, Virginia. Mwaka wa 2010 Hall of Fame ikatengeneza bamba jipya. Kaburi lake nalo lilikuwa limepotea kwa miaka. Alikuwa amefia Buffalo, New York, mwaka wa 1951, lakini mwili ulisafirishwa hadi upande wa Chicago, na ndiko alikopatikana, makaburi ya Holy Sepulchre, pia Alsip. Waliokuwa wakitafuta Buffalo wangetafuta hadi leo.

Huyo alikuwa nyota. Sasa fikiria yule aliyecheza mechi mbili.

Leta hiyo stori Voi

Ukitaka kuelewa kwamba kuandikwa ama kutoandikwa ni uamuzi wa watu, huhitaji kupanda ndege. Tembea makaburi ya vita pale Voi, ama Maktau, ama Taveta. Hii kaunti ilikuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ya kuelekea Taveta ilianzwa kujengwa kutoka Voi mwaka wa 1915 kwa sababu ya hiyo vita. Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walichapwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata wakapigana tena Latema na Reata.

Askari wa kizungu aliyekufa kwa risasi ama malaria ana jiwe lake: jina, namba, kikosi, tarehe. Lakini waliobeba chakula na risasi kwa kichwa, wale wa Carrier Corps waliotuachia majina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikufa wengi sana, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Wako wapi? Aprili 2021, tume yenyewe ya Commonwealth inayotunza haya makaburi ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa.

Hawakukosa majina. Kila mmoja alikuwa na mamake aliyempa jina. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua.

Na milima ya Taita ilikuwa na njia yake kabla ya kalamu kufika. Kwenye mapango ya huko juu kuna mafuvu ya wazee wa zamani. Mzee aliyeheshimika alizikwa, halafu baada ya muda fuvu lake likatolewa na kuhifadhiwa pangoni pamoja na ya ukoo wake. Wamisheni waliipiga vita hiyo desturi hadi ikaisha, na hakuna anayesema irudi. Lakini shika hii pointi: ukoo ulijua nani yuko wapi. Kumtunza marehemu ilikuwa kazi ya watu wake. Hakuna aliyeketi kungoja ofisi.

Sasa wachezaji wetu wako wapi?

Kenya ina orodha ndefu ya wakali waliofariki bila kelele. Seraphino Antao, mtoto wa Mombasa, alishinda dhahabu mbili kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth mwaka wa 1962, yadi 100 na yadi 220. Ndiye Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu ya hayo mashindano. Alifariki London mwaka wa 2011. Simama stejini Voi leo, uliza vijana kumi huyo ni nani, halafu uhesabu wangapi wamejibu.

Na Antao angalau ameandikwa. Dunia nzima ina kundi la mashabiki, wakiwemo kina Bill Mallon, daktari wa mifupa wa Marekani, waliojenga Olympedia, hifadhi ya kila mtu aliyewahi kushiriki Olimpiki. Ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2020, na hadi leo watu wake wanasaka wanariadha ambao haijulikani kama wako hai ama walifariki. Kenya ilishiriki mara ya kwanza Melbourne 1956, kwa hivyo watu wetu wako ndani. Kwa mpira wa miguu kuna RSSSF, wazalendo wengine wa namba wanaojitolea, ambao wana mabingwa wa ligi yetu tangu Nakuru All Stars ya 1963.

Lakini hizo hifadhi zinashika kilele tu. Chini yake kuna bahari. Kuna waliochezea mikoa kwenye Remington Cup. Kuna waliochezea timu za reli, posta, magereza, polisi na jeshi, enzi ambazo kazi na mpira vilikuwa kitu kimoja. Kuna wakimbiaji wa mashindano ya shule na mkoa. Voi ni mji wa reli. Manyani kuna gereza. Mwatate kuna mkonge. Hao watu walipita hapa, walicheza hapa, na wengi walirudi ocha kuzeeka kimya kimya. Hakuna ensaiklopidia yao. Hakuna hata mstari wazi wa kujazwa.

Na saa inakimbia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1968 sai anaelekea 80. Wale waliocheza naye, ndio hifadhi. Kila matanga unayopita ukienda shughuli zako, kuna faili inazikwa.

Form ya kusaka, hatua kwa hatua

Tuseme unasikia wazae pale bazu wakisema kulikuwa na winga hatari miaka ya 70, jina lake Mwakio, alichezea mkoa. Hujui kama yuko hai. Unaanzia wapi?

*Shika jina vizuri.* Hapa ndipo wageni hupotea. Kwa Kidawida, Mwakio ni kijana aliyezaliwa usiku, na dadake wa usiku ni Wakio. Kwa hivyo Mwakio wako wengi kama mchanga. Anaweza kuwa jina lake ama la babake. Tahajia nazo zinacheza: Mghanga na Mganga, Mwang'ombe na Mwangombe. Karani wa Nairobi aliandika alivyosikia. Hata Fadhili William, yule wa "Malaika", huandikwa mahali pengine Fadhili William Mdawida, na Mdawida ni kusema tu Mtaita. Tafuta jina la ubatizo, jina la utani la uwanjani, kijiji, na jina la ukoo. Bila angalau matatu ya hayo, bado unatafuta upepo.

*Bonga na wazee kabla ya kugusa karatasi.* Usiulize "alikufa lini?" Hakuna anayekumbuka tarehe. Uliza kilichotokea karibu yake. Ilikuwa kabla ama baada ya mvua ya El Niño ya 1997? Rais alikuwa nani? Alikuwa amestaafu? Jibu litakupa mwaka mmoja ama miwili ya kuchimba. Na rekodi sauti, kwa ruhusa. Simu yako inatosha.

*Tafuta kitabu cha mazishi.* Hii ni dhahabu. Matanga mengi Kenya huchapisha wasifu wa marehemu: kuzaliwa, shule, kazi, watoto, mahali pa kuzikwa. Nakala moja huwa iko kwenye sanduku la mtu, chini ya vitenge. Mara nyingi mpira unapewa sentensi moja, "marehemu alipenda michezo". Hiyo sentensi ndiyo mlango wako.

*Ingia kanisani ama msikitini.* Sagalla na Mbale kuna Waanglikana wa siku nyingi, Bura kuna Wakatoliki wa siku nyingi. Makanisa huweka madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko. Omba kwa heshima, nenda siku ambayo si ya ibada, na ubebe barua inayoeleza unataka nini.

*Chifu na naibu wake.* Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye huandikisha kifo na kutoa kibali cha mazishi. Akifia hospitalini, hospitali ndiyo hujaza. Cheti chenyewe hutolewa na ofisi ya usajili wa raia, na wenye haki ya kukiomba kwanza ni familia. Usijifanye mjanja hapo. Mpe mtoto wake nauli, nendeni pamoja.

*Magazeti ya zamani.* Taifa Leo, Nation, Standard, na Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza 1939. Hifadhi ya Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, na maktaba ya McMillan zina nakala za zamani. Beba kalamu ya risasi na subira. Kurasa za michezo za Jumatatu ndizo tamu zaidi, kwa sababu mechi zilichezwa wikendi.

*Redio.* Kwa miaka mingi matangazo ya vifo ya redio ya taifa ndiyo yaliyofikia kila kijiji. Wasikilizaji wanakumbuka. Siku hizi Mwanedu FM inaongea Kidawida pale pale Voi. Tangazo moja, "tunatafuta familia ya winga fulani", linaweza kuvuna zaidi ya mwezi mzima wa kugonga milango.

*Halafu nenda kaburini.* Ukiwa na mtu wa familia, si peke yako usiku na kamera. Piga picha ya msalaba ama jiwe kama lipo. Kama halipo, andika alama: upande gani wa nyumba, mti gani, nani alikuonyesha, tarehe gani. Mti utakatwa siku moja, maandishi yabaki.

Mambo ya kuchunga, usije ukaharibu

Watu wamechoka na udaku wa vifo. Kila mwezi kuna staa anayeuawa mtandaoni akiwa nyumbani anakunywa chai. Kwa hivyo usiposti "RIP" hadi uwe na vitu viwili visivyotegemeana, kwa mfano kitabu cha mazishi na daftari la kanisa. Wazee wawili waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Sababu ya kifo ni ya familia. Mchezaji anaweza kuwa alifia kwenye pombe, kwenye ugonjwa ambao nyumba haitaki kuusema, ama kwenye upweke mjini. Rekodi inahitaji tarehe na mahali. Hayo mengine yakae mpaka wenyewe waseme. Namba za vitambulisho na za simu za jamaa walio hai zisiingie popote. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na zaidi ya sheria tuna adabu.

Na usiahidi doh. Familia ikisikia "mtafiti" inaweza kudhani kuna fidia inakuja. Sema mapema: hakuna pesa hapa, kuna jina tu.

Jina lina faida gani basi?

Swali ni la haki, hasa kwa kijana asiye na kazi. Jibu la kwanza ni kwa familia. Kuna wajukuu wanaocheza leo kwenye uwanja wa Moi pale Voi ama Dawson Mwanyumba kule Wundanyi, na hawajui kwamba hiyo mbio wamerithi. Jibu la pili ni kwa mchezo. Kaunti isiyojua wachezaji wake hujengewa uwanja ukaitwa jina la mwanasiasa kila mara, kwa sababu hakuna jina lingine mezani. Jibu la tatu ni ushahidi. Siku serikali ama shirikisho litaamua kuwakumbuka mashujaa, watakaoingia kwenye orodha ni wale ambao tayari kuna karatasi juu yao. Ligi kuu ya Marekani ilipoamka 2020, ilikuta mashabiki wameshafanya kazi kubwa. Bila hao, ingeamka na kukuta meza tupu.

Krock hakuwa mwanahistoria. Alisikia wazee wa kwao wakitaja jina moja, akauliza amezikwa wapi. Voi imejaa wazee wanaotaja majina. Mbogi ya watu watano, daftari moja na Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha kuanza. Anza na jina moja, wa kijiji chako, na usilifunge faili hadi ujue amelala wapi.